Ijue Kaunti Yako: Asumbi, Mji wa Shule Katikati ya Mashamba

Anayetoka mjini Homa Bay kwenda Rongo huliacha ziwa mgongoni na kuanza kupanda. Kupanda kwenyewe si kwa ghafla. Gari la abiria halihemi, wala mtu hazibi masikio, lakini baada ya muda hewa inabadilika, udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi unapungua, na mashamba ya kijani yanaongezeka pande zote mbili za barabara. Kabla ya kuingia Kaunti ya Migori, msafiri hukutana na wanafunzi waliovaa sare, kanisa kubwa la kale, miti mirefu iliyopandwa kwa mstari, na wauzaji wa ndizi. Hapo ni Asumbi.

Wengi humu kaunti wanaijua Asumbi kwa sababu shangazi, dada au binti yao alisomea huko. Wachache wanajua kwa nini shule nyingi namna hiyo zilikusanyika katika kijiji cha wakulima, mbali na bandari na mbali na makao makuu ya wilaya. Makala hii inaeleza mji ulipo, ardhi yake ilivyo, watu wake walivyofika, na mambo yanayoukabili leo. Walimu wa somo la jamii wanaweza kuitumia darasani.

Mahali ulipo

Asumbi iko katika Kaunti Ndogo ya Rangwe, zaidi kidogo ya nusu digrii kusini mwa Ikweta. Rangwe ina wadi nne: Gem Magharibi, Gem Mashariki, Kagan na Kochia. Katika sensa ya mwaka 2019 kaunti ndogo hiyo ilikuwa na watu zaidi ya 117,000 kati ya wakazi 1,131,950 wa Homa Bay nzima. Upande wa kusini kuna Rongo, ambayo ni Kaunti ya Migori, na upande wa mashariki ardhi inaendelea kupanda kuelekea Kaunti ya Kisii. Kwa hiyo mkazi wa Asumbi anaweza kuamka kwake Homa Bay, kununua mbolea Rongo na kumpeleka mgonjwa hospitalini Kisii, yote kwa siku moja, bila kuona ajabu yoyote. Mipaka ya kaunti imo kwenye ramani na katika bajeti. Katika maisha ya kila siku mara nyingi haionekani.

Ili kuielewa Asumbi, ni vizuri kuwazia ngazi yenye vidato vitatu. Kidato cha chini ni Ziwa Victoria, ambalo uso wake uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ukanda mwembamba wa tambarare unalizunguka ziwa hadi kufikia mita 1,219 hivi. Kutoka hapo kunaanza kidato cha pili, uwanda wa juu wenye mabonde na vilima vidogovidogo, na humo ndimo Asumbi ilimo. Kidato cha tatu ni milima ya Gusii, ambako mji wa Kisii uko karibu mita 1,700. Mji huu basi uko katikati ya ngazi, na karibu kila jambo linaloutofautisha na Homa Bay mjini linatokana na hilo.

Chukua mvua. Mchana jua linapoipasha nchi kavu joto, hewa ya juu yake hupanda, na upepo wa ziwa huvuma kuja kuziba pengo. Upepo huo hubeba unyevu. Unapofika kwenye miinuko hulazimika kupanda, hewa hupoa, mawingu huundwa na mvua hunyesha, mara nyingi alasiri na jioni, pamoja na radi na wakati mwingine mvua ya mawe. Ndiyo maana wingu linaweza kupita juu ya Homa Bay mjini bila kutoa tone, likaja kumwagika Rangwe na Kisii. Mkulima wa pwani ya ziwa hutazama mvua hiyo kwa mbali tu.

Mvua hizo ndizo zinazojaza mito. Mito mingi ya kaunti yetu, kama Awach Kibuon, Awach Tende, Maugo na Riana, huanzia nyanda za juu za Kisii na Nyamira. Riana hujiunga na mto Kuja, ambao watu wa Kisii huuita Gucha, na maji hayo yote huishia Ziwa Victoria upande wa Migori. Jambo hili lina uzito wake. Mkulima wa juu akilima hadi ukingoni mwa mto au akikata miti ya chemchemi, anayelipa ni jirani wa chini, ambaye maji yake huja na tope wakati wa masika na kupungua wakati wa oro, yaani kiangazi.

Misimu miwili na gugu moja

Wakulima wa Asumbi hugawa mwaka kwa maneno ya Kiluo ambayo afisa yeyote wa kilimo anayehamishiwa huko hulazimika kuyajifunza upesi. Chwiri ni msimu wa mvua ndefu, ambao maandalizi yake huanza mapema mwaka na mahindi hupandwa mvua ya Machi inapoanza. Opon ni msimu wa mvua fupi katika nusu ya pili ya mwaka. Uwanda wa juu una bahati ya kuweza kutumia misimu yote miwili, huku sehemu nyingi za kando ya ziwa zikitegemea zaidi mmoja.

Kinachopandwa ni mahindi na maharagwe, viazi vitamu, njugu karanga, mtama, wimbi, mihogo, ndizi na mboga. Miwa pia ipo, hasa kuelekea Rongo na Awendo, ambako kiwanda cha sukari cha Sony kilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na upande wa Ndhiwa, ambako kiwanda kingine kilijengwa miongo mitatu baadaye. Miwa ilileta fedha, ila pia iliifunga ardhi. Shamba lililopandwa miwa halitoi chakula kwa zaidi ya mwaka, na malipo yakichelewa familia hununua unga dukani huku imezungukwa na shamba lake yenyewe. Wengine huuza miwa kwa viwanda vidogo vya sukari guru, ambavyo hulipa haraka. Sehemu ya sukari guru hiyo, kila mtu anajua, huishia katika mapipa ya chang'aa.

Hata hivyo adui mkubwa wa mahindi katika ukanda huu hana haja ya kiwanda. Ni gugu lenye maua mazuri ya rangi ya zambarau iliyopauka ambalo Waluo huliita kayongo, na ambalo wataalamu huliita striga. Mgeni anaweza kulichuma akafanya shada. Gugu hili hujiunganisha na mizizi ya mahindi au mtama chini ya ardhi na kunyonya chakula kabla hata halijachomoza, kwa hiyo mkulima anapoliona, hasara imeshatokea. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, na mbegu hizo hukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikisubiri. Hushamiri palipochoka: shamba lililolimwa mahindi mwaka baada ya mwaka, bila samadi wala kupumzika. Wazee waliokuwa na ardhi kubwa walihama tu na kuacha pori lirudi. Mjukuu mwenye ekari moja hana pa kuhamia.

Dawa iliyothibitishwa imetoka humu humu kaunti. Katika kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe huko Mbita, wanasayansi walibuni miaka ya 1990 mbinu inayojulikana kama sukuma-vuta. Mkulima hupanda mmea wa jamii ya kunde uitwao desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, na nyasi ya mabingobingo au brakiaria kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo wa viwavi wanaotoboa mabua. Nyasi za pembeni huwavutia watage mayai huko. Chini ya ardhi, mizizi ya desmodiamu huziotesha mbegu za kayongo kisha hulizuia gugu lisishike mzizi wa mahindi, nalo hufa. Juu ya hayo desmodiamu hurutubisha udongo, na pamoja na nyasi hiyo ni lishe ya ng'ombe wa maziwa. Kazi ya mwaka wa kwanza ni kubwa, maana desmodiamu mchanga hufanana na magugu na ni rahisi kung'olewa kwa jembe. Anayevuka msimu huo wa kwanza huvuna kwa miaka kadhaa bila kupanda desmodiamu tena. Wanaotaka kujifunza wamuulize afisa wa kilimo wa wadi. Ushauri wake ni huduma ya kaunti.

Sokoni

Soko la Asumbi ni mahali pazuri pa kusoma jiografia kwa macho. Kutoka chini ziwani huja omena kwa magunia, mbuta na ngege, wengine wabichi kwenye makreti, wengine waliokaangwa au kukaushwa. Kutoka juu Gusii huja ndizi za mikungu, maparachichi na kabeji. Mashamba ya jirani huleta mahindi, maharagwe, njugu na mboga za kienyeji: osuga, ambayo wengine huiita managu, dek, mitoo, na apoth yenye kuteleza. Mama mmoja anaweza kuwa na mteja anayezungumza Kiluo kulia kwake na wa Ekegusii kushoto, na bei akaitaja kwa Kiswahili ili wote wasikie.

Biashara hii ina umri mkubwa kuliko barabara. Kabla ya ukoloni, Waluo na Abagusii walipigana mara kwa mara kwa ajili ya mifugo na ardhi, na vitabu vingi hupenda kusimulia vita hivyo. Havisemi sana kwamba majirani hao hao walikutana kubadilishana mali. Waliotoka tambarare walileta mifugo, samaki waliokaushwa, chumvi na vyungu, na waliotoka milimani walileta nafaka. Ukame ulipokausha mashamba ya karibu na ziwa, nafaka ya milimani ndiyo iliyookoa watu. Njaa haikuuliza kabila. Eneo kama Asumbi, lililo katikati ya ngazi, lilikuwa mahali pa kawaida pa kupitia.

Ukaguzi mdogo wa kufanya na watoto siku ya soko: waandike vitu 10 vinavyouzwa na mahali kila kimoja kilipotoka. Wachore ramani. Mishale mingi itatoka nje ya kaunti, na baadhi ya vitu, kama vitunguu na nguo za mitumba, vitakuwa vimesafiri mbali kuliko muuzaji wake.

Watu walivyofika

Wenyeji wa sehemu hii ya Rangwe wengi ni Jo-Gem, wenye jina moja na Gem ya Siaya ng'ambo ya Ghuba ya Winam. Kufanana huko si bahati. Wanahistoria wanaeleza kwamba koo nyingi za Waluo zilivuka ghuba au kuizunguka kuja kusini hasa katika karne ya 18 na ya 19, zikitafuta malisho na mashamba baada ya upande wa kaskazini kujaa. Waliokuja waliwakuta watu wengine, wakapigana na baadhi, wakaoana na baadhi, na hatimaye lugha ya Kiluo ikaenea hadi mpaka wa Tanzania.

Kwamba nchi hii ilikuwa na wakazi kabla yao, mawe yanashuhudia. Thimlich Ohinga, ngome ya kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, iko Kaunti ya Migori na iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Inakadiriwa kuwa ilijengwa katika karne ya 16. Si ya pekee. Mamia ya ngome za namna hiyo yametawanyika Homa Bay na Migori, kubwa na ndogo, nyingine zikiwa zimebaki mawe machache kando ya shamba la mtu. Mawe hayo hubebwa kujengea misingi ya nyumba, na hapo ushahidi hupotea kabisa. Anayegundua kuta za zamani shambani mwake anaombwa aiarifu ofisi ya utamaduni ya kaunti au Makavazi ya Kitaifa kabla ya kung'oa jiwe.

Utawala wa Kiingereza ulifika kutoka upande wa ziwa. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, na Aprili 1902 eneo lote hili, ambalo hadi hapo lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, likahamishiwa katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Wilaya ya Kavirondo Kusini iliundwa, makao yake yakiwa kwanza Karungu ufuoni, kisha Kisii mlimani. Katika miaka hiyo hiyo ugonjwa wa malale uliua watu wengi kando ya ziwa na visiwani, na mbung'o wa Bonde la Lambwe waliendelea kuwa tishio kwa miongo mingi. Malaria nayo ilikuwa, na bado ni, kali zaidi tambarare kuliko miinukoni. Haishangazi kwamba wageni, wawe watawala au wamisionari, walipenda kupanda juu.

Misheni na "josomo"

Jina la Kanisa Katoliki haliwezi kukwepwa katika historia ya mji huu. Shirika la Mill Hill, lililoanzishwa London mwaka 1866, lilikuwa limetumwa Uganda mwaka 1895, na kutoka huko likaja Kisumu mwaka 1903, Mumias, na Mukumu karibu na Kakamega. Mwaka 1911 lilifungua Nyabururu, karibu na Kisii. Asumbi ilifunguliwa katika miaka hiyo hiyo ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ili kuwafikia Waluo wa kusini kama Nyabururu ilivyowafikia Abagusii. Wasabato walikuwa wametangulia upande wa ziwa, wakianzia Gendia karibu na Kendu Bay mwaka 1906. Ushindani wa madhehebu ulikuwa mkubwa, na kwa kweli ulizaa shule nyingi kuliko ambavyo serikali ya kikoloni ilikusudia.

Kisha vita vikaja mlangoni. Mnamo Septemba 12, 1914 majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipigana Kisii. Waingereza walipokuwa wameondoka mjini kwa muda, ofisi, maduka na misheni za eneo hilo ziliporwa, Nyabururu ikiwemo, na adhabu iliyofuata kutoka kwa serikali iliwagharimu wenyeji mifugo mingi. Wanaume wa Nyanza walichukuliwa kwa wingi kuwa wapagazi wa jeshi katika kampeni ya Tanganyika, na wengi hawakurudi.

Wakristo wa kwanza katika Kiluo waliitwa josomo, yaani wasomaji. Neno hilo linaeleza mengi. Kubatizwa na kujua kusoma vilikwenda pamoja, na kijana aliyekwenda misheni hakwenda kwa ajili ya sala peke yake. Kodi ya nyumba ilikuwa imemlazimisha baba yake kutafuta fedha, wengine wakaenda kufanya kazi katika mashamba ya chai ya Kericho, kwenye reli au bandarini Mombasa. Aliyejua kusoma na kuandika alipata kazi ya karani au ya ualimu, na mshahara wake uliwasomesha wadogo zake. Hesabu hiyo wazazi waliielewa mapema.

Misheni ilihitaji walimu wa vijijini, ikawafundisha yenyewe, na chuo cha ualimu kikakua. Ilihitaji wanawake wa kuwafundisha wasichana na kuwauguza wagonjwa, na Asumbi ikawa nyumba mama ya Masista Wafransisko wa Mtakatifu Yosefu, shirika la masista Waafrika ambao leo wanafanya kazi katika shule na hospitali ndani na nje ya eneo hili. Kwa wasichana wa wakati huo, jambo hilo lilikuwa na uzito ambao si rahisi kuuona sasa. Msichana aliyebaki nyumbani aliolewa mapema. Aliyefika Asumbi aliweza kuwa mwalimu au muuguzi. Shule ya bweni ya wasichana ya msingi na Shule ya Upili ya Wasichana ya Asumbi zilikua kutokana na mwanzo huo, na majina ya wanafunzi wake yametapakaa katika ofisi za nchi nzima.

Taasisi nyingine ambayo wakazi hawaizungumzii sana ni kituo cha kuwasaidia waathiriwa wa pombe na dawa za kulevya, kimojawapo cha vituo vya zamani zaidi vya aina hiyo nchini. Watu husafiri kutoka kaunti za mbali kutibiwa hapo, huku jirani mwenye mgonjwa wa pombe akiona aibu kuvuka barabara.

Jina la wilaya limebadilika mara nyingi tangu enzi hizo. Kavirondo Kusini ikawa Nyanza Kusini, Kisii ikajitenga mwanzoni mwa miaka ya 1960 na makao makuu ya wilaya yakawa Homa Bay, kisha Migori ikajitenga mwaka 1992. Katiba ya mwaka 2010 ilileta kaunti, na tangu mwaka 2013 Asumbi imekuwa chini ya Kaunti ya Homa Bay, nambari 43, huku Rongo iliyo jirani ikiwa chini ya nambari 44. Dayosisi ya Katoliki ya Homa Bay, iliyoundwa mwaka 1993, bado inazijumuisha kaunti zote mbili, kama ilivyokuwa Nyanza Kusini.

Mji unaotegemea kengele

Uchumi wa Asumbi kwa miaka mingi umefuata kengele ya shule. Shule zikifunguliwa, mwenye nyumba anapata mpangaji, mama anauza chapati na nyoyo, mwendesha bodaboda anapata abiria, na mkulima anauza mahindi, maharagwe na kuni kwa jikoni za mabweni. Shule zikifungwa, mji unalala. Ilipofika Machi 2020 na shule zote nchini zikafungwa kwa sababu ya korona, watu wa Asumbi walijifunza kwa uchungu kwamba soko lao lina mteja mmoja mkubwa.

Badiliko jingine lilikuja kimya zaidi. Cheti cha ualimu wa shule za msingi, maarufu kama P1, kilikomeshwa, na kuanzia mwaka 2021 vyuo vya ualimu vikaanza kufundisha diploma, ambayo anayejiunga alitakiwa awe na wastani wa alama C katika mtihani wa kidato cha nne. Nia ilikuwa kumpata mwalimu aliyeandaliwa vyema kwa mtaala mpya. Lakini wengi waliokuwa wakijiunga awali walikuwa na alama za chini ya hapo, na wenye C na zaidi wengi walikuwa na njia nyingine. Vyuo vingi nchini vilipungukiwa na wanafunzi. Kwa chuo kilicho katika jiji kubwa, hilo ni tatizo la mkuu wa chuo. Katika mji mdogo ni tatizo la muuza mboga pia.

Mashamba nayo yanapungua ukubwa. Baba mwenye ekari sita na wana wanne huacha vipande vya ekari moja na nusu, na wajukuu hugawana tena. Kando ya barabara vipande hivyo vinageuzwa kuwa viwanja vya nyumba za kupangisha. Baya zaidi ni kwamba hatimiliki nyingi bado zina majina ya babu waliofariki zamani. Mjane analima, lakini hawezi kukopa kwa shamba hilo, hawezi kulipwa fidia barabara ikipanuliwa, na siku shemeji akitaka kuuza hana karatasi ya kujitetea. Utaratibu wa kurithi mali huanza kwa barua ya chifu inayotaja warithi wote, kisha maombi mahakamani. Mali ya thamani ndogo hushughulikiwa na mahakama ya hakimu, si lazima kwenda Mahakama Kuu. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, haitofautishi mtoto wa kiume na wa kike, aliyeolewa au asiyeolewa. Mtu akiambiwa na ndugu kwamba jina lake haliwezi kuingia katika barua ya chifu kwa sababu ameolewa, ameambiwa jambo lisilo la kweli.

Nani anahusika na nini

Malalamiko mengi yanayofika katika ofisi za kaunti kuhusu miji kama Asumbi yamefika mlango usio wake, na mengine yanayofaa kufika hayafiki. Shule za msingi na za upili, vyuo vya ualimu, polisi na barabara kuu ya Rongo–Homa Bay ni kazi ya Serikali ya Kitaifa. Shule za chekechea, vyuo vya mafunzo ya ufundi vya kaunti, zahanati na vituo vya afya vya umma, masoko, takataka, maji, ushauri wa kilimo na mifugo, barabara ndogo za kuingia mashambani na idhini ya ramani za majengo ni kazi ya kaunti. Hati za ardhi na usajili wake ziko kwa Serikali ya Kitaifa, ingawa mpango wa matumizi ya ardhi ni wa kaunti. Kwa hiyo anayejenga nyumba za kupangisha bila idhini kando ya bomba la maji ni suala la kaunti, na anayejenga kwenye kiwanja cha marehemu babu yake bila kumaliza urithi ni suala la mahakama.

Swali ambalo wafanyabiashara wa Asumbi huuliza ni kama mji wao utapandishwa hadhi. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011, ilivyorekebishwa mwaka 2019, inataka angalau wakazi 50,000 ili eneo liwe manispaa, 10,000 ili liwe mji, na 2,000 ili liwe kituo cha soko. Idadi si sharti pekee. Lazima pia kuwe na mpango wa maendeleo na uwezo wa kutoa huduma. Kupandishwa hadhi huleta usimamizi wa karibu wa taa, mitaro na takataka, na pia huleta ada na masharti ya ujenzi ambayo si kila mwenye kiwanja atayapenda. Wanafunzi wa bweni huufanya mji uonekane mkubwa wakati wa muhula. Mitaro na vyoo, hata hivyo, lazima vipimwe kwa siku mji umejaa.

Mahali pa kuyasema haya ni katika vikao vya umma vya bajeti. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1. Waraka wa mkakati wa fedha huwasilishwa kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na bajeti hupitishwa kabla ya Juni 30. Ombi la mtaro wa soko likiletwa mwezi wa Mei huwa limechelewa kwa vile mpango uliandikwa miezi minane nyuma. Vikao hufanyika katika wadi, na msimamizi wa wadi hutoa tangazo la siku na mahali. Maoni ya maandishi hupokelewa pia, kwa Kiswahili, Kiingereza au Kiluo, na yanaweza kuletwa na mtu mmoja au na kikundi.